Picha Isiyomalizwa ya Bonde la Kitumbi

Wapo wanaokwenda nchi za mbali wakarudi na vyombo, na wapo wanaorudi na wake. Mzee Shemdoe alikwenda Sawirini akarudi na kitunguu mfukoni, pamoja na katazo alilojiwekea mwenyewe. Safari zake zilikuwa nyingi na nyingine alizisimulia kwa makelele mpaka watu wakamwomba apumzike. Hii aliisimulia polepole, akiangalia mikono yake.

Alikuwa mtu wa miguu. Shule aliisoma vipande vipande, darasa moja mji huu, darasa jingine mji ule, na lipo darasa ambalo hakumbuki kama alilipita au lilimpita. Alijua kusoma, kujumlisha na kuondoka. Hiyo ya tatu hakufundishwa na mtu.

Alivyofika Sawirini si kitu cha kusimuliwa, njia ni njia. Kilichomshangaza ni lango. Askari wa pale alimwamkia vizuri, kisha akanyoosha mkono.

"Picha yako, mzee."

"Sina picha. Niko mimi."

"Wewe nakuona. Naulizia picha yako."

"Sijawahi kuchorwa, mwanangu. Wala kuandikwa, wala kupigwa sinema."

Askari alisimama wima, akamwamkia upya, safari hii kwa adabu zaidi. "Na hapa kwetu unamjua mtu?"

"Simjui hata mbwa."

"Hajachorwa, wala hamjui mtu," askari akawaambia wenzake, kwa sauti ya mtu anayetangaza mvua. Kiti kikaletwa, uji ukaletwa, na kabla uji haujapoa akaja Bwana Hamdani, Msimamizi Mkuu wa Sura.

Bwana Hamdani alikuwa mtu mpole, safi, msema kweli kadiri kweli ilivyojulikana kule. Kidevu chake alikiinua kidogo na kukielekeza kushoto wakati wote, hata akinywa maji. Shemdoe alidhani ni ugonjwa. Baadaye alioneshwa picha yake ukutani na kidevu kilikuwa hivyohivyo, kikaeleweka.

Sheria ya Sawirini ni nyepesi kuieleza. Kila mtaa na kila kijiji kina picha yake, iwe ya rangi, ya maneno ya kitabuni au ya sinema. Watu huja wakaenda, wakanenepa, wakakonda, wakaudhika, wakapoa. Picha hubaki. Kwa hiyo ikitokea haja ya kujua watu fulani ni wa namna gani, huulizwa picha yao. Siku ileile Shemdoe alipelekwa barazani kuona kesi ya kuku. Majirani wawili waligombea kuku mmoja mweupe, na kuku mwenyewe alikuwepo, amefungwa miguu. Hakimu hakuwatazama. Aliagiza picha za mitaa yao. Mtaa wa yule wa kwanza ulichorwa watu wakipokea wageni. Katika picha ya mtaa wa yule wa pili kulikuwa na mtu ameshika kisu.

"Ni kisu cha mkate," yule wa pili akasema. "Babu alikuwa anakata mkate."

"Mkate uko wapi?"

"Mchoraji hakuuchora. Alisema unaharibu picha."

Kuku alikwenda kwa wa kwanza.

Shemdoe aliuliza kwa nini wenyewe wasijichore. Bwana Hamdani alimtazama kwa huruma. "Anayewajua watu atawapendelea au atawaonea. Mchoraji wa haki ni yule asiyewajua. Ndiyo maana tunawachora kwa mkono wa mgeni, na mgeni akianza kuwazoea tunamnyang'anya brashi. Wewe ni mgeni safi, mzee. Tumekungoja sana."

"Sijui kuchora."

"Ni vizuri zaidi. Wanaojua kuchora huangalia mno."

Wakaenda kwenye Nyumba ya Sura. Ilikuwa ndefu, ina ubaridi, na watu walitembea humo kwa kunyata. Mwisho wake, peke yake ukutani, ilining'inia picha ya Bonde la Kitumbi.

Hiyo ilikuwa picha kubwa. Wanawake na wanaume wamekaa chini kwa safu, vichwa vimeinama, machozi yanatiririka mpaka kidevuni. Kila mmoja mikono yake ameikusanya mapajani kana kwamba imebeba kitu, lakini mikono ilikuwa mitupu. Shemdoe, aliyezika watu katika miji mingi, alijikuta anafuta jicho.

"Wote hulia," Bwana Hamdani akasema kwa sauti ya chini. "Ni watu wa huzuni. Vitabu vyao vyote huanza na mvua na kuishia kaburini. Sinema zao zimetutoa machozi tangu utoto. Kila mwaka nchi nzima huchanga vitambaa vya kufutia machozi, tunawapelekea kwa magunia."

"Hizo sinema wanacheza wenyewe?"

"Tulijaribu. Hawafanani na wao wenyewe. Tunatumia watu wa mjini."

Kisha akamweleza kazi. Baraza limeona kuwa watu wenye huzuni ya kiasi kile hawawezi kuachiwa mashamba na mfereji wa maji. Nje ya mji wamejengewa Nyumba ya Faraja, yenye madirisha yanayotazama ukuta ili kitu kisiwasumbue katika kulia kwao. Mvua za vuli zikianza, watahamishiwa humo. Bonde litapewa watu wa Mtaa wa Majembe, kwa kuwa wao wamechorwa wakilima.

"Wanalima nini?"

"Kwa sasa hawalimi. Wanakaa mjini. Ni mtaa wetu sisi," akasema Bwana Hamdani, na mikono yake ilikuwa laini kama ya mtoto. "Lakini jambo kubwa kama hilo sheria inataka picha ichorwe upya kwanza na mgeni mpya. Utaratibu tu. Utakwenda, utaona, utachora, utarudi. Ya zamani tunaiteremsha leo, maana picha mbili za watu walewale haziruhusiwi."

"Na hiyo mpya isipokwisha?"

Bwana Hamdani akakunja uso. "Aliyeianza ndiye anayeimaliza, hakuna mwingine. Na mpaka imalizwe, hapo inabidi wahusika wenyewe waitwe barazani waseme. Ilitokea zamani. Ilikuwa usumbufu mtupu. Mtu mwenyewe asubuhi anasema hili, jioni anasema lile." Akafuta vumbi lisilokuwepo kwenye fremu. "Utakaporudi utafanyiwa mtihani. Tutakusomea kichekesho cha Kitumbi. Ukicheka, tutajua umewazoea, na kazi yako itafutwa. Ya zamani itarudishwa ukutani, na mambo yataendelea."

Akapewa kitambaa cha kuchorea, rangi na brashi. Aliendelea peke yake, kwa sababu hakuna ofisa anayeruhusiwa kukanyaga Kitumbi. Angeona.

Bonde lilikuwa la kijani, na mfereji ulipita katikati yake kama mshono. Alipotokeza tu, mahali fulani bati liligongwa. Watu wakatoka mashambani na majumbani, bila haraka, wakakaa chini kwa safu, kila mtu mahali pake, wakainamisha vichwa. Mwanamke wa makamo, kanga kiunoni, matope mpaka magotini, akaja mbele.

"Karibu kwenye huzuni yetu, mgeni," akasema, kama mtu anayeelekeza njia ya kwenda kisimani. Huyo alikuwa Bi Somoe, mkuu wa mfereji.

Shemdoe akatafuta jiwe, akakaa, akavua viatu. Safu ikaanza kulia. Akakanda kidole gumba cha mguu. Safu ikaendelea kulia. Mwishowe Bi Somoe akasogea.

"Samahani, babu. Unachora au huchori? Maana kaka yangu Chande ana mgongo, hawezi kukaa hivi kutwa."

"Nimechoka kwanza. Chai hamna?"

Nyuma kabisa mtu akakoroma kicheko kupitia puani, na safu nzima ikavunjika.

"Jamani inukeni," Bi Somoe akasema. "Huyu ni mtu."

Siku ile ilikuwa ya kukata. Kitumbi wanalima vitunguu tu, na msimu ukifika hukaa pamoja kwenye majamvi, kijiji kizima, wakavikata vipande vyembamba vya kuanika juani. Shemdoe alipewa kisu ili asikae bure. Hakumaliza kitunguu cha pili kabla hajaanza kulia kama aliyefiwa. Akainua uso, akaona wanawake na wanaume kwa safu, vichwa vimeinama, machozi mpaka kidevuni, mikono imekusanywa mapajani. Akaona na kilichokuwa mikononi.

"Ndiyo," akasema Bi Somoe, bila kuacha kukata. "Mchoraji alikuja siku kama ya leo, enzi za bibi yangu. Alichora mpaka jua likazama. Bibi akamwambia, bwana, umesahau vitunguu. Akasema vitunguu vinapunguza uzito."

"Na mkanyamaza?"

"Tulikwenda mjini kusema. Tulikwenda tunacheka, tukidhani ni jambo la kuchekesha. Wakasema hawa si wa Kitumbi, wa Kitumbi wanalia."

Shemdoe alilala kwao. Vitambaa vya kufutia machozi alivikuta kila mahali, vimeunganishwa kuwa mapazia, mifuko ya vitunguu na shuka alilojifunika. Mkoba wake, ambao popote alipolala aliufanya mto ili aondoke nao upesi, aliutundika kwenye msumari ukutani. Aligundua kesho yake alipoutafuta chini ya kichwa.

Chande, yule wa mgongo, alikuwa mtu mrefu mwenye uso wa kuchelewa kucheka, na ndiye aliyemsimulia habari ya msiba.

"Walikuja watu wa sinema," akasema, "wanatafuta wa kuwa mimi. Nikajitokeza. Wakanizungusha, wakanitazama, wakasema sifanani. Wakaleta bwana mmoja wa mjini, wakanipa nimfundishe kulia. Nikamfundisha, nikampa na kitunguu cha kuweka kwapani. Akawa hodari kupita kiasi. Basi mama mkwe wangu akafariki. Yule bwana kasikia, kaja msibani kufanya mazoezi. Akalia, akagaragara, wakwe wakasema huyu ndiye mkwe anayejua uchungu, wakampa kiti changu. Mimi wakanipeleka jikoni kukata vitunguu. Nakata, machozi yananitoka. Shemeji akapita, akaniangalia. Akasema, wewe mpishi, mbona unajitia kwenye msiba usiokuhusu?"

Mke wa Chande, aliyekwisha kuisikia mara nyingi kuliko anavyopenda, alijificha uso kwenye kanga. Shemdoe alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akakumbuka mtihani. Akawaambia yote: Nyumba ya Faraja, madirisha, Mtaa wa Majembe, kichekesho.

Bi Somoe aliweka kisu chini. "Mfereji wangu wanampa nani?"

"Watu waliochorwa wakilima."

"Wanajua kufungua maji ya juu kabla ya chini?"

"Sidhani kama wanajua maji yanatoka wapi."

Bi Somoe akageuka, akautazama mfereji. Mama yake aliuchimba mfereji ule na mama wa mama yake, na yeye aliujua kwa miguu, kila pembe, kila mahali unapopenda kuvuja. "Basi sikia," akasema. "Mimi sitoki. Wakinikuta, wataniondoa nikiwa nimekaa ndani ya maji. Wewe una brashi. Fanya kitu."

"Atuchore tunacheka," Chande akasema. "Kwisha habari."

"Kwisha habari ya nani? Umesahau watu wa Mtondoo?"

Chande akakuna kichwa.

"Mtondoo ng'ambo ya kilima," Bi Somoe akamweleza Shemdoe, "mgeni wao aliwakuta harusini. Akawachora wanacheza. Tangu hapo mgeni akitokea lazima wacheze, hata wenye magoti mabovu. Juzi mto ukawafurikia, ukabeba nyumba. Wakatuma mtu mjini kuomba msaada. Wakaletewa ngoma."

"Ngoma ngapi?" Chande akauliza, kwa uchokozi.

"Nyamaza wewe. Tukichorwa tunacheka, siku nitakayofiwa nitaambiwa nimeghushi."

"Basi niwachore mlivyo," Shemdoe akasema.

"Tukoje?"

Shemdoe akachukua brashi. Bi Somoe akaketi mbele yake, akainua uso ili achorwe. Shemdoe alipoanza, uso ulikuwa na hasira ya mfereji. Akachanganya rangi, na alipoinua macho hasira ilikuwa imepita, mwenyewe anamsikiliza mtoto wa jirani akikohoa. Akaanza upya. Chande akasema neno, na mdomo wa dada yake ukaenda upande, ukakataa kucheka, ukashindwa. Kila alipoikamata sura, mwenyewe alikuwa amekwisha kuhama. Kutwa nzima Shemdoe alipata kanga, mkono mmoja wenye kisu, kitunguu, na juu ya shingo duara tupu la rangi ya kitambaa.

"Hujafika popote," Bi Somoe akasema, akisimama nyuma yake.

"Sijafika."

"Unafanana na mtu anayechimba mfereji upande mmoja, mwingine anaufukia."

Shemdoe akaitazama ile duara muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeona mlango pale alipodhani pana ukuta, kama angekubali kwenda mjini kusema mwenyewe barazani, ikibidi, si mara moja bali kila watakapomwita.

"Kusema siogopi," akasema Bi Somoe. "Kwa nini?"

Akamwambia kwa nini. Alipomaliza, Bi Somoe hakusema asante. Aliingia ndani, akatoka na kitunguu kimoja kikali, akakikata katikati na kukifunga kwenye kitambaa cha machozi. "Hiki cha mtihani," akasema. "Usiweke kwapani. Chande aliungua."

Baraza lilijaa. Shemdoe alisimama katikati, mkono mfukoni. Bwana Hamdani, kidevu kushoto, alikohoa akasoma:

"Kichekesho cha Bonde la Kitumbi, kama kilivyoletwa na watu wa sinema. Mkazi mmoja alinyang'anywa kiti cha ukwe msibani na mtu aliyemwiga. Mkazi akapelekwa jikoni. Akalia. Akaambiwa msiba haumhusu." Akakunja karatasi. "Mwisho wa kichekesho."

Ilikuwa mbaya kuliko Shemdoe alivyotarajia. Kama ingesomwa vizuri angestahimili. Lakini ule usomaji mkavu, na lile neno "mkazi", na uso wa Chande uliokuja mbele yake pamoja na mke aliyejificha kwenye kanga, vilimletea kicheko kwa pamoja. Akafinya kitunguu mfukoni mpaka maji yakatoka, akaupeleka mkono usoni kama mtu anayekuna paji. Machozi yakamwagika. Mabega yakatikisika, na hapakuwa na namna ya kuyazuia, lakini kwa mabega peke yake mtu hawezi kujua.

Wajumbe wakatazamana. "Hajacheka," mmoja akasema. "Amelia. Huyu ameiona Kitumbi."

"Tuoneshe picha," Bwana Hamdani akasema, naye sauti ilikuwa imemlainika.

Shemdoe akaikunjua. Wakaona kanga, mkono, kisu, kitunguu na duara tupu.

"Uso uko wapi?"

"Bado. Haijaisha."

"Imalize. Kaa hapa, tutakupa chumba."

"Hapo ndipo penye tatizo, bwana," Shemdoe akasema, akifuta pua. "Mimi ni mzee, nazoea watu haraka. Wale nimeanza kuwazoea. Bi Somoe namjua jina. Najua hasira zake zinavyoanza na zinavyokwisha. Nikiumaliza uso huu sasa, nitaumaliza nikiwa namjua, na itakuwa picha haramu. Sheria yenu ni ya haki, sitaki kuivunja. Niruhusuni nitoke nchini, niende mbali, niwasahau. Nikishawasahau kabisa nitarudi, mgeni safi, nimalizie."

Wajumbe walijadiliana sana. Mmoja alisema apewe mwingine amalizie. Wakamkumbusha kuwa aliyeianza ndiye anayeimaliza. Mwingine alisema ya zamani irudishwe. Wakamkumbusha kuwa mtihani ameshinda, kwa hiyo ya zamani imekufa. Watatu kati yao walikuwa wa Mtaa wa Majembe na walipekua kichwani sheria yote wasipate pa kutokea. Bwana Hamdani ndiye aliyesema mwisho, na alisema kwa uaminifu wake wote: "Mgeni ana haki. Hatuwezi kumlazimisha mtu kuchora anachokijua." Kisha akapumua kwa uchovu. "Itabidi tumwite mwenyewe."

Bi Somoe aliitwa. Alikuja na matope miguuni, kwa kuwa maji ya juu yalikuwa yamefunguliwa asubuhi ile, na hakuna aliyemwambia kuwa barazani watu hunawa. Baadhi ya wajumbe walikuwa hawajawahi kumwona mtu wa Kitumbi aliye hai, na walisogeza viti.

"Watu wa Kitumbi ni watu wa namna gani?" hakimu akauliza.

"Wepi? Wa juu ya mfereji au wa chini? Maana wa chini wana maneno."

Hakimu alitazama ukuta, palipokuwa na picha. Palikuwa na msumari. Ikambidi amtazame tena mwanamke.

"Mna huzuni?"

"Tunayo. Mwaka jana nilimzika mdogo wangu, hata sasa nikipita kwake nageuza uso. Lakini leo nina njaa, bwana hakimu, na mfereji umeziba kule kwenye kona, na nyie mmenikalisha hapa tangu asubuhi bila hata kikombe cha maji. Kwa hiyo leo andika nimekasirika. Kesho niite tena."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akaziba mdomo, akashangaa mwenyewe.

Walimwita kesho yake, na mara hiyo alikuwa na furaha kwa sababu mfereji ulizibuka, akawaeleza mpaka wakachoka jinsi ya kupitisha maji mahali pa mwinuko. Haikuwezekana kuamua. Baraza likaagiza kuwa Bi Somoe aitwe katika kila kikao mpaka picha imalizwe, na mpaka hapo watu wa Kitumbi na bonde lao wabaki walivyo. Nyumba ya Faraja ilibaki tupu, madirisha yake yakitazama ukuta.

Bi Somoe alimsindikiza Shemdoe mpaka lango. Katika maisha yake yote mzee hakuwahi kusindikizwa mbali hivyo, kwa kuwa siku zote aliondoka kabla watu hawajaamka.

"Msumari wako upo," Bi Somoe akasema walipofika.

"Usiutoe."

"Nitautundikia nini?"

"Kitu chochote. Chepesi."

"Na ukirudi?"

"Nikirudi watanipa brashi niimalize."

Bi Somoe akatikisa kichwa polepole. Ndipo akayaona yote yalivyo, na uso wake ukapita katika hali ambayo hakuna mchoraji angeikamata. Akamtandika kofi la bega, kofi zito la mtu wa jembe, akageuka akaenda kwenye maji yake.

Shemdoe aliendelea kutembea nchi na nchi, na nyingi alizisahau siku ileile alipotoka. Lakini kila msimu wa kukata ulipofika, miguu yake ilimleta kwenye lango la Sawirini, upande wa nje. Askari alikuwa yuleyule, amenenepa kidogo. Sheria ilimtaka amuulize, naye alimuuliza.

"Vipi, mzee. Umeshawasahau?"

Shemdoe alikaa kwenye jiwe, akavua viatu. Upepo ulikuwa unatoka bondeni, na ulikuwa na harufu.

"Bado," akasema. "Labda mwakani."

Askari aliingia kibandani, akatoka na fungu la vitunguu vilivyofungwa kwenye vitambaa vilivyoshonwa pamoja, akamkabidhi bila kusema vimetoka kwa nani.